Nuru Ionyeshayo na Nuru Ilayo

Sote twaisifu nuru. Bila nuru jicho halina kazi, na kitabu ni karatasi tupu. Hata hivyo, msomaji, nuru ina tabia ya pili isiyotajwa mara nyingi: kile inachokionyesha hukila pia, kidogo kidogo. Mwenye duka la nguo katika mji wa Garissa alijua jambo hili bila kufundishwa. Kitambaa akitundikacho mlangoni mwezi mzima huchujuka rangi. Kile kilichokunjwa ndani ya rafu hubaki kama kilivyofumwa. Vyote viwili vilitoka katika jora moja. Tofauti ni kwamba kimoja kimetazamwa na jua na kingine kimefichwa.

Sasa mfikirie mtunzaji wa makumbusho. Ana kazi mbili, nazo zagombana. Yampasa kuvionyesha vitu vya kale kwa watu wa leo, na yampasa kuvihifadhi kwa watu ambao bado hawajazaliwa. Akizima taa, amewanyima wa leo. Akiwasha taa kali, amewaibia wa kesho. Ndiyo sababu kuchagua taa ya kabati la kioo si shauri la fundi wa umeme peke yake.

Ugomvi huu una historia ndefu. Hapo kale nyumba za makumbusho zilitegemea mwanga wa madirishani. Mwaka wa 1857 makumbusho ya South Kensington, katika mji wa London, yalifunguliwa yakiwa na taa za gesi, ili wafanyakazi waliokosa nafasi mchana wapate kuingia jioni. Nia ilikuwa njema, lakini gesi huwaka kwa moto, na moto hutoa joto na moshi. Wakubwa wa British Museum, katika mji ule ule, waliikataa gesi kwa kuogopa nyumba isije ikateketea. Waliona heri kufunga milango giza liingiapo. Walianza kutumia umeme katika chumba chao cha kusomea mwaka wa 1879. Huku kwetu, jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mjini Unguja mwaka wa 1883, ndilo lililotangulia mjini humo kupata taa za umeme. Jumba hilo baadaye lilikuja kuwa makumbusho, na sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba 2020.

Umeme haukuwa na moshi, na watu wengi walidhani taabu imekwisha. Haikuisha. Katika Uingereza palizuka mabishano makali juu ya picha zilizochorwa kwa rangi za maji: wengine walisema zinaharibiwa na mwanga, wengine walikana. Wataalamu wawili, Russell na Abney, walitakiwa wachunguze. Walitia karatasi zilizopakwa rangi ndani ya mirija ya kioo, wakazianika juani, kisha wakatoa taarifa yao mwaka wa 1888. Walionyesha kwamba rangi nyingi hupauka kweli; kwamba miale ya upande wa buluu na urujuani ndiyo yenye madhara zaidi; na kwamba hewa na unyevu huisaidia nuru katika kazi hiyo ya kuharibu.

Tangu hapo wataalamu wamepata kanuni ambazo mwanafunzi yeyote aweza kuzikumbuka. Kwanza, madhara ya nuru ni ukali wake mara muda wake. Mwanga hafifu wa saa 10 hula sawa na mwanga mkali mara kumi wa saa 1. Pili, rangi iliyokwisha kuliwa hairudi. Kulifunika sanduku usiku huisimamisha hasara, lakini hakuiponyi. Tatu, vitu havilingani. Jiwe, chuma na vyungu vya udongo hustahimili sana. Mbao, pembe na ngozi isiyotiwa rangi huwekewa mpaka wa luksi 200 hivi, na luksi ndicho kipimo cha mwanga uangukao juu ya kitu. Nguo, karatasi, wino, picha na kila kilichotiwa rangi huwekewa luksi 50 tu.

Je, luksi 50 ni kidogo mno? Hebu tufanye hesabu. Jua la adhuhuri katika nchi zetu hufikia luksi 100,000. Kitambaa kikiwekwa katika luksi 50, saa 8 kila siku, kwa siku 300 za mwaka, kitakuwa kimepokea nuru ya luksi-saa 120,000. Maana yake, mwaka mzima katika makumbusho yaliyotunzwa vema ni sawa na muda wa saa moja na dakika 12 tu katika jua la Garissa. Anayekitoa kitu hicho nje ili kipigwe picha, akakisahau juani asubuhi nzima, ametumia akiba ya miaka kadhaa.

Baada ya ukali wa taa, yatupasa kutazama aina yake. Balbu ya kale, yenye uzi unaowaka, hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Ikitiwa ndani ya sanduku la kioo hulifanya tanuri dogo: mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta vumbi ndani, ngozi hukauka na mbao hupasuka. Katika mji ambao joto lake hupita digrii 30 karibu kila siku, hatuna haja ya kuongeza jingine. Taa za tyubu zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili zina joto dogo zaidi, lakini hutoa miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho wala isiyomsaidia mtazamaji, ila huharibu tu; hazina budi kuvishwa kichujio. Taa za LED nyeupe, zilizopatikana katika miaka ya 1990, karibu hazina miale hiyo, na joto lake halielekezwi juu ya kitu. Lakini hata hizo zina buluu yake. Afadhali zenye mwanga wa manjano kidogo. Taa na nyaya ziwekwe nje ya sanduku ikiwezekana, ili fundi asilifungue kila mara na cheche isikutane na kitu kikavu.

Mambo haya yana uzito wa pekee katika Kaskazini Mashariki, ambako Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana nyumba Garissa na Wajir. Watu wanaohama na mifugo hawajengi nguzo za mawe. Urithi wao ni wa kuchukulika juu ya ngamia: mikeka ya nyumba iitwayo aqal, dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, koor, kengele ya ngamia iliyochongwa kwa mti, na loox, ubao ambao mtoto aliandikia aya za Kurani kwa wino wa masizi. Karibu vyote ni vya nyuzi, ngozi na mti, yaani vitu ambavyo nuru huvila kuliko jiwe. Jiwe la Misri laweza kungoja miaka elfu nyingine, mkeka hauwezi.

Tena kuna urithi wa karatasi. Mwaka wa 1989 serikali iliwakagua Wakenya wa asili ya Kisomali, na waliokubaliwa kuwa raia walipewa kadi za rangi ya waridi, wakatakiwa kuzionyesha pamoja na vitambulisho vyao. Ifikirie kadi moja ya namna hiyo ndani ya kabati la kioo, chini ya taa kali. Katika miaka michache waridi itakuwa nyeupe. Maneno yatasomeka bado, lakini mtoto atakayeitazama hatajua kwa nini babu yake alitambulika kwa rangi ya karatasi. Rangi yenyewe ndiyo ushahidi. Ni hivyo hivyo kwa picha na barua za waliopotea katika mauaji ya Bulla Karatasi, Garissa, mwezi wa Novemba 1980, na ya Wagalla, Wajir, mwezi wa Februari 1984. Mambo yaliyokataliwa kwa miaka mingi hayafai kufutwa tena kwa taa.

Mgeni atokaye juani ataingia chumbani, aone giza, alalamike. Dawa yake si kuongeza mwanga. Apitishwe kwanza katika ukumbi wenye kivuli, macho yapumzike dakika chache; ndipo luksi 50 zitamtosha. Taa iwake mtu akaribiapo na izimike aondokapo. Vitu dhaifu vionyeshwe miezi michache, kisha virudishwe gizani na vingine vichukue nafasi. Na umeme wenyewe si shida kama ilivyokuwa zamani: mwaka wa 2019 kituo cha nguvu za jua cha megawati 50 hivi kilifunguliwa katika wilaya hiyo hiyo ya kale, ambayo sasa ni Kaunti ya Garissa. Jua lile linalochujua kitambaa mlangoni laweza kuwasha taa ndogo, tulivu, ya kukitunza.

Basi, msomaji, siku utakapoingia katika makumbusho ukakuta chumba kina mwanga hafifu, usidhani wenyeji ni wachoyo wa taa. Simama, yape macho yako nafasi, utazame polepole. Umepewa sehemu yako ya nuru. Iliyobaki imewekewa wengine.