Bomba moja, vitu vinne

Anayekarabati bafu Arua au Koboko akiingia dukani na kusema tu "nataka bomba", muuzaji ana haki ya kumuuliza: lipi? Neno hili tulilipokea kwa Wareno, ambao kwao ni pampu, nasi tukalitwika mengine: paipu ya maji, kifaa cha kufungulia na kufungia maji, hata shawa, ambayo Tanzania huitwa bomba la mvua. Kile kifaa cha kufungulia maji, Wakenya wengi hukiita mfereji. Ndugu zetu wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, husema robine, neno la Kifaransa.

Mimi nashikilia koki. Sema "koki ya sinki", "koki ya hodhi" na "kichwa cha shawa", kisha taja rangi. Zote tatu ziwe za rangi moja, maana fedha inayong'aa na fedha iliyofifia hugombana zikikaa ukuta mmoja. Taja na kipimo. Koki nyingi za sinki ni nusu inchi. Na fundi umwandikie majina hayohayo uliyompa muuzaji.