Hewa Isiyotulia

Kilimia kinapochomoza upande wa bahari kutoka Quitunda, kijiji cha wilaya ya Palma, Msumbiji, walikohamishiwa wakulima na wavuvi wa Afungi kupisha mradi wa gesi, nyota zake humetameta kama zinatetemeka. Zenyewe zimetulia. Kinachotikisika ni hewa: mikondo ya joto na ya baridi hupishana huko juu, na kila mmoja huupinda mwanga kidogo, kama inavyoonekana juu ya mchanga wa adhuhuri.

Isaac Newton alilijua tatizo hilo. Katika kitabu chake Opticks cha 1704 alisema dawa ni hewa tulivu, ambayo huenda ikapatikana kwenye vilele vya milima mirefu. Basi wanaanga wakapanda milima.

Mwaka 1953 Mmarekani Horace Babcock alifikiria njia nyingine: kupima jinsi mwanga ulivyopindika, kisha kukipinda kioo cha darubini kwa kinyume chake, papo hapo. Alipendekeza utando mwembamba wa mafuta juu ya kioo. Vifaa vya kuitimiza kazi hiyo havikuwepo. Baadaye jeshi la Marekani liliiendeleza kwa siri, na sehemu kubwa ya siri hiyo ilifunguliwa 1991 tu. Ni hasara kubwa: wanaanga wa Ulaya na kwingineko walikuwa wakitafuta wenyewe mambo ambayo tayari yalikwisha kujulikana.

Wakati huohuo vioo vilikuwa vimefika kikomo, kwani kioo kikubwa mno hulegea kwa uzito wake. Jerry Nelson wa California akaamua kuunganisha vipande. Darubini ya kwanza ya Keck, kule Mauna Kea, Hawaii, ilianza kazi 1993 ikiwa na vipande 36 vya pembe sita, upana wa mita 10. Afrika nayo ilizindua darubini ya SALT huko Sutherland, Afrika Kusini, mwaka 2005: vipande 91.

Mwaka 1999 Keck ya pili ilipewa kifaa cha kupambana na hewa. Vile vipande 36 haviikimbizi hewa. Hupangwa tu vikae kama kioo kimoja. Mbio zenyewe ni za kioo kidogo, upana wa sentimita 15 hivi, chenye visukumio 349 mgongoni, kinachobadili umbo mara mamia kwa sekunde. Kikubwa zaidi ni kwamba kinahitaji nyota angavu ya kujipimia, na pale isipokuwepo, hutengenezwa: leza ya manjano huziwasha atomi za sodiamu kilomita 90 juu ya ardhi. Keck ilianza kuitumia leza hiyo 2004.

Kwa vifaa hivyo mwanaanga Andrea Ghez alifuatilia nyota zinazozunguka kitovu cha Njia Nyeupe, akathibitisha kuwapo kwa kitu kizito kama majua milioni 4. Mwaka 2020 akawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kitovu hicho kiko katika kundinyota la Mshale. Kutoka Hawaii hakifiki hata nusu ya kimo cha anga, hivyo mwanga wake hupenya hewa nene zaidi. Kule Armazones, Chile, inakojengwa darubini ya Ulaya ya vipande 798 na upana wa mita 39, hupita karibu kabisa na utosi. Quitunda nako, usiku wa Julai, husimama juu sana, upande wa kusini.