Kitenzi "collide": maana na matumizi yake

Msikilizaji anayefuatilia taarifa za Kiingereza hukutana mara kwa mara na kitenzi "collide". Asili yake ni Kilatini, "collidere", kilichoundwa kwa kiambishi chenye maana ya "pamoja" na kitenzi "laedere", yaani kupiga au kudhuru. Kwa kawaida hakichukui yambwa. Hufuatwa na "with", kama vile Kiswahili kinavyosema kugongana na kitu.

Je, ni lazima vitu vyote viwili viwe katika mwendo? Kwa miaka mingi mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press la Marekani ulishikilia hivyo: treni inayokwenda haiwezi kusemwa imegongana na treni iliyosimama. Kamusi nyingi hazina sharti hilo, na wasemaji wa kawaida hawalijali. Meli ya Titanic, iliyokumbwa na ajali usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ilitimiza sharti hilo, kwa kuwa siwa baruta nalo husukumwa na mikondo ya bahari, ingawa sidhani kama abiria wake wangejali.

Kwa mtafsiri wa habari, suala hili si la mzaha. Kiambishi "-an-" katika "gongana" hubeba maana ya kutendeana. Tukisema, "Basi limegongana na lori lililokuwa limeegeshwa kando ya barabara," tunamgawia dereva wa lori sehemu ya kosa ambalo huenda hakulitenda. Pengine hata hakuwamo garini. Iliyo sahihi ni, "Basi limegonga lori." Lakini magari yote mawili yakiwa katika mwendo, na polisi hawajakamilisha uchunguzi, "yamegongana" ndilo neno la haki, kwani kuandika kwamba moja limeligonga jingine ni kutoa hukumu kabla ya mahakama. Neno moja la Kiingereza, basi, hudai maneno mawili kwetu, na ni tukio lenyewe linaloamua lipi litumike.

Katika matumizi ya mafumbo, maslahi, imani na tamaduni pia hu-"collide". Hapo "kukinzana" au "kuhitilafiana" hufaa zaidi, ijapokuwa ratiba mbili zilizoangukia saa moja husemwa kwa ufasaha kabisa kuwa zimegongana.

Ndugu yake wa karibu ni "clash", ambacho hutumika kwa rangi zisizopatana na pia kwa mapambano ya watu. Hicho ndicho kinachohitaji hadhari kubwa kuliko vyote. Taarifa ikieleza kwamba askari na waandamanaji wame-"clash", tafsiri ya haraka ni "wamepambana". Ikiwa maelezo yanayofuata yanaonyesha kwamba upande mmoja ulifyatua risasi na mwingine ulikuwa ukikimbia, hayo si mapambano, na Kiswahili kina kitenzi chake: kushambulia.