Ajali na Kinga Yake: Habari za Barabara ya Thika

Kuna methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Methali hii ni ya kale kuliko motokaa, na walioitunga hawakuwa na habari ya matatu wala ya lori. Neno lenyewe "ajali" tulilipata katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani ile siku ya mwisho ambayo mwanadamu amepangiwa na Mola wake. Mzee aliyesema kwamba ajali haina kinga alikuwa akimfariji mfiwa. Siku hizi methali hiyo imepewa kazi nyingine. Gari likipinduka, au mtoto akigongwa akivuka barabara, watu hukusanyika, hutikisa vichwa, husema, "Ajali haina kinga," kisha kila mmoja hushika njia yake, na wala hapana aulizaye dereva alikuwa akienda kwa mwendo gani, au kwa nini mtoto yule hakuwa na mahali pengine pa kuvukia.

Katika insha hii nataka tuitazame historia ya barabara moja, ile itokayo Nairobi kwenda Thika, na hasa habari za Ruiru, mji ulio kando yake kama kilomita 25 kutoka katikati ya Nairobi. Tukiisha kuitazama, tutaweza kupima wenyewe kama ni kweli kwamba ajali za barabarani hazina kinga.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini nchi hii kati ya Nairobi na Thika iligawanywa kuwa mashamba makubwa ya walowezi, mashamba ya kahawa na ya katani. Reli ya kwenda Thika ilifika mwaka 1913, nayo ndiyo iliyochukua mazao kuyapeleka Nairobi, na kutoka huko yakaenda pwani. Motokaa zilikuwa chache, na wenyewe walikuwa wachache vilevile. Mwafrika aliyefanya kazi shambani alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli ikiwa amejaliwa kuipata, na barabara ilikuwa mahali pa watu wote: watu, mifugo na mikokoteni. Ruiru wakati huo ilikuwa kituo kidogo cha gari la moshi, chenye maduka machache na mashamba pande zote.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya magari mwaka 1953, nayo ikaanza kutumika mwaka 1954. Sheria hiyo, ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi, ndiyo msingi wa sheria ya barabarani tuliyo nayo hata leo. Iliamuru kwamba dereva awe na leseni, gari liwe zima, na mtu asiendeshe hali amelewa. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba taifa letu lilipozaliwa mwaka 1963 lilikosa sheria. Sheria tuliirithi, tena ilikuwa imeandikwa vizuri. Swali lilikuwa nani atakayeitimiza, na kwa ajili ya nani.

Baada ya Uhuru watu wengi walikuja mjini kutafuta kazi, na mabasi yaliyokuwapo hayakutosha. Hapo ndipo yalipozuka magari madogo ya watu binafsi, mengi yao makuukuu, yakichukua abiria kwa nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Kwa Kikuyu tatu ni "ithatũ" au "matatũ" kwa kadiri ya kitu kinachohesabiwa, na jina la "matatu" likashika tangu hapo. Kwanza magari hayo yalikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba yaruhusiwe kuchukua abiria bila ya leseni ya magari ya umma. Amri hiyo iliwafaa maskini wengi: waliokuwa na gari walipata riziki, na waliokuwa wakitembea walipata usafiri. Lakini ilikuwa na upande wa pili. Gari lililoruhusiwa kuchukua watu bila leseni lilikwepa pia ukaguzi uliokuja pamoja na leseni hiyo, na kwa muda wa miaka kumi na zaidi matatu zilijaza watu hadi milangoni, breki zikiwa mbovu na magurudumu yamelika. Ni mwaka 1984 tu ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kuzirudisha chini ya leseni na ukaguzi.

Tatizo la pili lilikuwa katika namna dereva alivyolipwa. Mwenye gari alidai apewe kiasi fulani cha fedha kila jioni, na kilichozidi kikawa cha dereva na kondakta wake. Basi kila dakika iliyopotea ilikuwa hasara yao wenyewe. Dereva aliyekwenda polepole alirudi nyumbani mikono mitupu, na yule aliyekwenda mbio akampita mwenziwe kwenye kona alikula vizuri usiku ule. Tukimlaumu dereva peke yake kwa tamaa yake tutakuwa tumeona nusu ya jambo, kwa maana mpango wenyewe ulikuwa ukimlipa kwa kuhatarisha maisha ya watu.

Mwaka 2003 Serikali mpya ilimteua Bwana John Michuki kuwa Waziri wa Uchukuzi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alitangaza kanuni ambazo watu wamezoea kuziita "Sheria za Michuki," nazo zikaanza kutumika tarehe 1 Februari, 2004. Kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, mkanda wa usalama kwa kila abiria, na mstari wa manjano ubavuni. Dereva alivaa sare ya buluu, kondakta sare ya rangi ya damu ya mzee. Hapana abiria aliyeruhusiwa kusimama.

Wenye matatu walipinga sana. Siku zile za kwanza za Februari magari mengi yaliondolewa barabarani, na maelfu ya watu wakatembea kwenda kazini, wengine wakishika njia kabla ya alfajiri. Lakini Waziri hakulegea, na raia, ijapokuwa miguu iliwauma, wengi wao walikuwa upande wake. Magari yakarudi, yakiwa na mikanda. Vifo vya barabarani vikapungua. Jambo hili yafaa tulikumbuke vizuri, kwa sababu madereva walikuwa ni walewale, na barabara ni zilezile. Mvua haikupungua wala kona hazikunyoshwa. Kilichobadilika kilikuwa kanuni chache na nia ya kuzisimamia.

Ole wetu, nia hiyo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2005 Bwana Michuki alihamishiwa wizara nyingine. Vidhibiti mwendo vikaanza kuchezewa na mafundi, mikanda ikachakaa na kuchafuka hata abiria wakaona kinyaa kuifunga, na askari wa barabarani aliyepewa kitu kidogo akageuza uso. Kabla ya mwaka 2010 idadi ya waliokufa barabarani nchini ilikuwa imepita 3,000 kwa mwaka tena.

Wakati huohuo Ruiru ilikuwa ikigeuka. Mashamba ya kahawa yalikuwa yakikatwa vipande na kuuzwa, na mahali palipokuwa na miche pakaota nyumba za ghorofa. Watu waliofanya kazi Nairobi lakini hawakuweza kulipa kodi ya nyumba za Nairobi walihamia huko. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliukuta mji una watu wasiofika 250,000. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta karibu 490,000. Katika muda wa miaka kumi mji ulikuwa umeongezeka maradufu, na wengi wa watu hao hawakuwa na gari.

Katika miaka hiyo hiyo barabara nayo ilikuzwa. Kazi ilianza mwaka 2009, ikafanywa na makampuni matatu ya Kichina, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, za China na za Serikali yetu wenyewe. Urefu wake ni kama kilomita 50. Tarehe 9 Novemba, 2012 Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi. Hapana shaka ilikuwa kazi kubwa. Safari iliyokuwa ikila saa mbili katika msongamano ikawa ya nusu saa, na nchi nzima ikajivunia.

Lakini tuitazame barabara hiyo kwa macho ya mama anayekaa Ruiru, Githurai au Juja, ambaye soko liko ng'ambo. Zamani alivuka barabara ya magari yaendayo polepole kwa sababu ya msongamano. Sasa mbele yake pana uwanja mpana wa lami, na magari yapita kwa kasi ya upepo. Magari yalianza kukimbia kabla ya madaraja yote ya waendao kwa miguu kukamilika. Watu waliendelea kuvuka pale walipozoea kuvuka, na wengi wakauawa. Ikabidi matuta yawekwe juu ya barabara hiyo mpya, jambo lililowafanya wenye magari kucheka na kunung'unika. Hata madaraja yalipokwisha, si wote walioyatumia. Wengine walishutumiwa kuwa wavivu na wajinga, na huenda baadhi yao walikuwa hivyo. Hata hivyo, mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, akiambiwa atembee mbali kulifikia daraja, apande ngazi, ashuke, kisha arudi umbali uleule upande wa pili, atapima safari hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Na ikiwa ni usiku, na daraja halina taa, atawaogopa wanyang'anyi kuliko magari. Mhandisi asiyelijua hilo hajamaliza kazi yake.

Tufanye hesabu kidogo, kwa maana hesabu haina upendeleo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Liendalo 100 hupita mita 28. Dereva huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hata akanyage breki. Basi yule wa pili amekwisha kwenda mita 28 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Tena nguvu za pigo haziongezeki sawa na mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Ndiyo sababu mtu akigongwa na gari liendalo kilomita 30 kwa saa, mara nyingi hupona. Akigongwa na liendalo 80, ni nadra sana kupona. Sheria yetu imeamuru gari lisizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaamuru 30 karibu na shule. Ni hesabu hii iliyomo ndani ya sheria hizo.

Huenda msomaji akauliza, "Je, nchi ikizidi kuwa na magari, vifo havizidi?" Tutazame Uingereza, ambako sheria yetu ya kwanza ilitoka. Mwaka 1934, nchi hiyo ikiwa na magari milioni mbili na nusu hivi, watu 7,343 waliuawa barabarani. Mwaka 1935 ukawekwa mwendo wa maili 30 kwa saa katika miji, na kila dereva mpya akalazimishwa kufanya mtihani. Mwaka 1967 kikaja kipimo cha pumzi cha kuwakamata walevi; mwaka 1983 abiria wa mbele wakaamriwa kufunga mikanda. Mwaka 2019, magari yakiwa zaidi ya milioni 35, waliouawa walikuwa 1,752. Magari yaliongezeka zaidi ya mara kumi, na vifo vikapungua hata visifike robo ya vile vya zamani. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja wala ya waziri mmoja.

Kwetu, mwaka 2012 Bunge liliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ili kazi hiyo isitegemee tena bidii ya mtu mmoja. Hata hivyo, mwaka 2023 watu 4,324 walikufa barabarani, na mwaka 2024 wakawa 4,748. Kundi kubwa kuliko yote kati yao ni waendao kwa miguu, na pikipiki, ambazo zimejaa nchini tangu mwaka 2008 zilipoondolewa kodi, zimeongeza kundi jingine la vijana. Waliokufa mwaka 2024 wangeijaza shule ya wanafunzi elfu moja mara nne, na bado wangebaki mia saba na zaidi nje ya lango.

Basi tumeona nini katika historia hii? Tumeona kwamba mwaka 1973 ukaguzi ulipoachwa, hatari ilizidi. Kwamba mwaka 2004 kanuni ziliposimamiwa, vifo vilipungua. Na kwamba zilipolegezwa, vilirudi. Tumeona kuwa barabara iliyopanuliwa bila kumfikiria mwenye kutembea huwaua wenye kutembea. Mambo haya yote yalifanywa na watu, kwa kalamu, kwa fedha na kwa kunyamaza.

Wewe usomaye, ambaye kesho asubuhi utavuka barabara kwenda shule, bado huna leseni wala gari, lakini una macho na una ulimi. Ukiwa ndani ya matatu inayokwenda mbio kupita kiasi, sema, na wengine watasema nawe. Funga mkanda hata ukichekwa. Tembea hadi darajani, na kama daraja ni bovu au halina taa, mwandikieni diwani wenu katika bunge la kaunti barua yenye adabu, ninyi darasa zima. Na siku moja miongoni mwenu atatoka mhandisi, na hakimu, na askari wa barabarani, na mwenye matatu. Kila mmoja wao atakumbuka, natumaini, ni wapi mama yule alitaka kuvuka.