Wapanda Farasi wa Napoleon na Mafundi Wao

Kazi ya kutengeneza vijisanamu vya wapanda farasi wa Napoleon haikuanzia Ufaransa. Mizizi yake iko Nuremberg, Ujerumani, kwa mafundi bati. Katika miaka ya 1770 Johann Gottfried Hilpert na jamaa zake walikuwa wakisubu pale askari bapa, wembamba kama sarafu. Kalibu ilikuwa mawe mawili ya sleti. Mchongaji alichimba ubavu mmoja wa farasi kwenye jiwe hili, ubavu wa pili kwenye lile, kinyumenyume, na mawe yakishafungwa pamoja mistari ilibidi ikutane sawasawa. Akichimba mno kwenye goti, jiwe limeharibika. Mwaka 1848 Ernst Heinrichsen wa mji huohuo akashika kipimo cha milimita 30 hivi kwa askari wa miguu, na karakana nyingine zikamfuata.

Paris ilipendelea askari mnene, anayetazamika pande zote, kama wale wa karakana ya Lucotte na baadaye CBG Mignot. Rangi zao zinapendeza hadi leo. Ila farasi wa zama hizo, awe bapa au mnene, mara nyingi alikimbia mkimbio usiokuwepo duniani: miguu ya mbele imenyooka mbele, ya nyuma imenyooka nyuma, yote minne hewani. Ndivyo wachoraji wa Ulaya walivyomchora kwa vizazi, na fundi bati aliiga picha.

Aliyehangaika na jambo hili kuliko wote ni Ernest Meissonier, mchoraji. Kwa picha yake ya vita vya Friedland, ambamo askari wenye dirii za chuma wanapita mbio mbele ya Napoleon, alitumia zaidi ya miaka kumi, akaimaliza 1875. Nyumbani kwake Poissy alitandika reli, akawa anasukumwa kwenye kigari sambamba na farasi anayekimbia huku akichora. Alifinyanga pia farasi wa nta ili aielewe misuli kabla ya kushika brashi. Mmoja wa nta yupo Musée d'Orsay: mpanda farasi anayepambana na upepo, joho lake la kitambaa halisi, hatamu zake za ngozi. Kwangu mimi huyo ndiye babu wa kazi yote iliyofuata, ingawa hakutengenezwa auzwe dukani.

Juni 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kumpiga picha farasi akiwa mbioni. Ikaonekana kwamba kwato zote nne huachana na ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si wakati imenyooka. Meissonier alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini na jina lake limekwisha kuwa kubwa, angeweza kukaidi. Badala yake, Novemba 1881 alimkaribisha Muybridge nyumbani kwake Paris, akawaita wachoraji wenzake waje kuziona picha zile.

Sare zilisubiri watu wengine. Lucien Rousselot alianza mwaka 1943 kutoa michoro yake ya jeshi la Ufaransa, ikafika 106. Humo fundi anajua kwamba rejimenti za 1 hadi 3 za wenye dirii zilivaa kola na mapambo mekundu, za 7 hadi 9 ya manjano, na kwamba mpiga tarumbeta alipanda farasi wa kijivu ili atambulike kwenye moshi. Mwenzake, Eugène Leliepvre, alichonga sanamu za mfano za Historex, vifurushi vya plastiki vya milimita 54 vilivyotoka miaka ya 1960. Kila farasi alikuja nusu mbili, kushoto na kulia, na nusu za mikao tofauti ziliweza kuunganishwa. Vifungo vya mikanda vilikuwa vidogo hata vikashikwa kwa kibano. Mwenye kutaka mkao mwingine alipasha moto mguu wa plastiki, akaupinda.

Kupaka rangi hakujabadilika sana tangu hapo. Farasi hupakwa kwanza rangi ya maji isiyong'aa, ikishakauka hupakwa juu yake rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva, kisha mafuta yanapanguswa polepole kwa brashi kavu mpaka rangi ya chini ichungulie penye misuli. Farasi wa kahawia akiwa na manyoya meusi ya shingo na mkia, basi miguu yake nayo huwa myeusi kuanzia magotini kwenda chini. Anayesahau hilo ametengeneza farasi ambaye hakuna zizi lililowahi kumlea, hata kama kila kifungo cha mpandaji ni sahihi.

Sasa wachongaji wengi hufanya kazi kwenye kompyuta, na sanamu huchapwa kwa resini, tabaka juu ya tabaka. Farasi mmoja hunakiliwa kwa dakika, kichwa kikageuzwa, na kikosi kizima kikatoka na hatua ileile. Mkunjo wa koti umekuwa mkali kuliko ulivyowahi kuwa, lakini kazi ninazozirudia kuzitazama bado ni za wale wanaokwenda mazizini na kuangalia goti linavyokunjika.