Shilingi Mia Tano kwa Kila Mtoto: Halmashauri Ndogo na Kanuni Isiyoziona Shule

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, awe anaongoza shule ya wanafunzi 120 kisiwani au ya wanafunzi 2,000 mjini. Shule yenyewe hulipwa kwa hesabu nyingine. Tangu Januari 2016, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoanza kutekelezwa, ruzuku ya uendeshaji imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia katika akaunti ya shule, yaani shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule ya wanafunzi 120 hupata basi shilingi 60,000 kwa mwezi. Posho ya kiongozi ni zaidi ya mara tatu ya fedha za kuendeshea shule anayoiongoza.

Posho hiyo ni stahiki yake na siipingi. Ninachokitaka msomaji akione ni kwamba serikali imeshakubali, kwa upande wa mwalimu mkuu, kwamba uongozi wa shule haupungui uzito kwa sababu wanafunzi ni wachache. Kwa upande wa shule bado haijakubali. Hoja ya makala hii ni kwamba kutokubali huko ndiko chanzo kikubwa cha udhaifu tunaoutupia halmashauri ndogo, na kwamba kauli iliyozoeleka, kuwa halmashauri hizo zinashindwa kwa uzembe wa wasimamizi na kuziongezea fedha ni kutwanga maji kwenye kinu, haina msingi imara kama wasemaji wake wanavyodhani.

Kuhusu historia hakuna ubishi mkubwa. Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 yaliziondoa halmashauri. Sheria za 1982 zilizirudisha, zikaanza kazi 1984. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002 hadi 2006 ulifuta ada, ukazipa kamati za shule nafasi katika matumizi na kuleta ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi. Wakati huo shilingi 10,000 zilikaribia dola hizo 10. Leo ni kama dola 4.

Ubishi unaanzia kwenye swali la nani anawajibika. Diwani katika kamati ya huduma za jamii humhoji Afisa Elimu Msingi kuhusu ufaulu wa wilaya, na ni haki yake. Lakini walimu wa wilaya hiyo wamepangwa na TAMISEMI. Kupanda kwao madaraja na nidhamu yao ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Wadhibiti ubora wa shule wanawajibika kwa Wizara ya Elimu. Mtihani ni wa NECTA. Ruzuku nayo, tangu 2016, inakwenda moja kwa moja shuleni bila kupita kwa mkurugenzi. Badiliko hili la mwisho lilikuwa jema na sitaki lirudishwe nyuma, kwa kuwa kabla yake fedha zilifika pungufu na kwa kuchelewa, tena kwa viwango vilivyotofautiana sana kati ya halmashauri na halmashauri. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba halmashauri imebaki na lawama bila nyenzo.

Ingeweza kujaza pengo kwa mapato yake ya ndani? Halmashauri kubwa, pengine. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU. Ushuru wa mazao ulipunguzwa 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Katika kinachobaki, sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wilaya ya wavuvi na wakulima wa nazi haina minara ya simu wala viwanda vya kutosha kuitoza ushuru wa huduma wenye maana.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi haukutoka darasani. Umo ndani ya kanuni za serikali yenyewe. Katika mwaka wa fedha 2004/05 Tanzania ilianza kugawa ruzuku za kisekta kwa halmashauri kwa kufuata fomula. Kwa afya, fomula ilitoa uzito wa asilimia 70 kwa idadi ya watu, 10 kwa idadi ya maskini, 10 kwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano, na 10 kwa urefu wa safari za magari ya huduma ya afya wilayani. Kwa kilimo, asilimia 60 ilifuata idadi ya vijiji. Kwa barabara, urefu wa mtandao ulibeba asilimia 75 na eneo la ardhi 15. Kwa elimu ya msingi kigezo kilikuwa kimoja, ukiacha fungu la shule maalumu: idadi ya watoto wenye umri wa kwenda shule.

Tukae kidogo hapa, maana ndipo kiini kilipo. Watunga fomula hizo, katika mageuzi yale yale, walitambua kwamba chanjo husafiri na safari ina gharama. Walitambua kwamba bwana shamba hufanya kazi kijiji kwa kijiji, kwa hiyo kijiji kidogo nacho kihesabiwe. Walipofika kwenye elimu, umbali ulitoweka. Chaki ikachukuliwa kuwa inajifikisha yenyewe. Inasemwa kuwa elimu ni tofauti kwa sababu mlaji wake ni mtoto mmoja mmoja. Lakini mgonjwa naye ni mmoja mmoja, na bado gari linalompelekea dawa lilihesabiwa.

Tena hata kigezo hicho kimoja hakikufuatwa kwa ukamilifu. Sehemu kubwa ya fedha za elimu ya msingi ni mishahara, na mishahara humfuata mwalimu alipo, si mtoto alipo. Mwalimu anayepata uhamisho kutoka kisiwani kwenda mjini huondoka na mshahara wake. Kwa vitabu vya hesabu, halmashauri iliyompoteza inakuwa imepunguza matumizi yake kwa kila mtoto, na iliyompokea imeongeza. Halmashauri ndogo hupoteza kwa pande zote mbili: ruzuku inahesabu vichwa vyake vichache, mishahara inahesabu walimu wake waliokwisha hama.

Chukua Mafia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 66,180 katika wilaya nzima, wengi wao katika kisiwa kikubwa, wengine Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Temeke peke yake ina watu zaidi ya milioni moja. Mtoto wa Jibondo hawezi kuvuka bahari kila asubuhi kwenda shule ya kisiwa kikubwa, na kipindi cha kusi hakuna mzazi atakayemruhusu kujaribu. Kwa hiyo Jibondo lazima iwe na shule, na shule ya Jibondo haiwezi kuwa kubwa kuliko Jibondo. Karatasi za mtihani wa majaribio, rimu na wino, bati la kuziba paa, vyote hupanda boti kutoka Nyamisati, bara, hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya, kisha mashua tena. Mwalimu mkuu anayefuata nyaraka Kilindoni hulipa nauli ile ile shule iwe na watoto 100 au 1,000. Shule ya mjini yenye wanafunzi 2,000 hupokea shilingi milioni moja kwa mwezi, na duka la vifaa vya ofisi liko ng'ambo ya barabara.

Kuna wanaojibu: ziunganisheni shule ndogo. Kwenye kisiwa jibu hilo halina maana, na bara maana yake ni haba. Serikali yenyewe imekuwa ikijenga shule shikizi ili watoto wadogo wasitembee mbali. Mwaka 2021, katika fedha za mkopo wa kukabili athari za UVIKO-19, vyumba 3,000 vya madarasa vilitengwa kwa ajili ya shule hizo. Huwezi kujenga shule karibu na watoto kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ukaziadhibu kwa kuwa na watoto wachache.

Sasa nije kwa wapinzani wenye hoja nzito zaidi. Utafiti wa Isaac Mbiti na wenzake, uliochapishwa 2019 kutokana na jaribio la KiuFunza la shirika la Twaweza katika shule 350 za wilaya 10, ulionyesha kwamba kuongeza ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, peke yake, hakukuinua ujifunzaji. Tangu hapo utafiti huu umegeuzwa rungu la kumpiga kila anayetaja fedha. Wanaolishika rungu hilo wamesoma nusu. Shule zilizopata ruzuku pamoja na motisha kwa walimu ziliinuka waziwazi, na ongezeko hilo lilizidi jumla ya athari za kila kimoja kikiwa peke yake. Watafiti wanasema fedha na juhudi za mwalimu zinahitajiana. Hawasemi kwamba fedha hazifai kitu. Zaidi ya hapo, jaribio liliuliza kama kuzidisha kiwango kwa kila kichwa kunasaidia. Halikuuliza swali langu, ambalo ni kama shule ndogo ina kiasi cha chini cha kuiwezesha kuwa shule. Ukiiongezea maradufu shule ya watoto 120 kwa hesabu ya vichwa, bado umeipa shilingi 120,000 kwa mwezi.

Kuhusu ufaulu wa wilaya kwa wilaya, nina shaka kubwa na matumizi yake. Darasa la saba lenye watahiniwa 12 hupanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 8 kwa mtoto mmoja tu kuugua siku ya mtihani. Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha jambo hili Marekani mwaka 2002: shule ndogo hujaa kileleni na mkiani kwa sababu ya bahati ya namba. NECTA yenyewe ilizoea kuzitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40. Madhara ya kupanga shule kwa nafasi nayo yameandikwa. Jacobus Cilliers, Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza upangaji huo ulioletwa na mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013. Shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, lakini pia zilipunguza wanafunzi waliofika darasa la mtihani. Watoto hao waliondolewa kwenye hesabu ili hesabu ipendeze. Kila anayetangaza nafasi ya halmashauri yake kwa fahari ana wajibu wa kuuliza kwanza ni watoto wangapi walioanza darasa la kwanza pamoja na hao waliofaulu.

Ninachopendekeza ni kiwango cha msingi kwa kila shule, juu ya shilingi 500 za kila mtoto. Tuseme shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa shule za msingi za serikali takribani 17,000, hiyo ni shilingi bilioni 20.4 kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali ilitenga shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi mmoja. Anayesema nchi haiwezi gharama hii aziweke namba hizo mbili pamoja.

Pingamizi moja linastahili jibu: kwamba shule zitagawanywa kwa makusudi ili kuvuna kiwango hicho mara mbili. Hatari ipo, kwa kuwa tayari tunazo shule A na B katika kiwanja kimoja. Dawa ni kuzihesabu shule zinazotumia kiwanja kimoja kuwa moja. Wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Fomula ya kwanza ya kugawana mapato kati ya kaunti za Kenya, baada ya Katiba ya 2010, ilitenga asilimia 25 kwa mgao sawa kwa kila kaunti, kwa kutambua kwamba kaunti ndogo nayo ina serikali ya kuendesha. Kinyume chake, ruzuku ya shule za msingi za Kenya, shilingi 1,420 kwa mwanafunzi, kwa miaka mingi imehesabu vichwa kama ya kwetu, ingawa somo liko ndani ya nchi yao wenyewe.

Sidai kwamba kiwango cha msingi kitaleta walimu Jibondo au kuponya mgawanyo wa madaraka nilioueleza. Nadai kwamba bila hicho, tathmini yoyote ya utendaji wa halmashauri ndogo inapima ukubwa wake, si uwezo wake, na kumwadhibu afisa elimu kwa kipimo cha namna hiyo ni dhuluma. TAMISEMI na Hazina hazihitaji sheria mpya kuanza. Zinahitaji mstari mmoja katika mwongozo wa bajeti ijayo, na wabunge wa majimbo ya visiwani na ya pembezoni ndio wanaopaswa kuudai kabla bajeti hiyo haijapitishwa.