Kabla ya Bando Kulikuwa na Stempu

Kuna kicheko fulani sisi Wakenya hucheka mtu akisema anasomea digrii mtandaoni. Unakijua. Ni kile cha "aah, digrii ya simu." Na kama anayesema ni mama wa miaka arobaini na tano, mwalimu wa shule ya msingi, na digrii yenyewe ni ya kufundisha teknolojia, kicheko kinaongezwa sukari. Ati mtu ambaye bado hututumia picha ya slipu ikiwa imelala upande ndiye ataenda kufundisha watoto kompyuta?

Leo nataka kubishana na hicho kicheko, na nitatumia historia. Mwalimu mtu mzima anayesoma usiku nyumbani kwake hakuletwa na intaneti. Yuko hapa tangu uhuru, na sehemu kubwa ya shule za nchi hii ilisimama juu ya mgongo wake. Kilichobadilika ni chombo tu: barua, redio, setilaiti, sasa simu. Na kila chombo kilipokuja, watu walikisifu kana kwamba kingefundisha chenyewe.

Tuanze mbali kidogo, lakini haraka. Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake bila kukaa darasani London mwaka wa 1858. Kwa mlango huo huo, miaka mia moja baadaye, Waafrika wengi waliokuwa chini ya ukoloni walipata vyeti. Nelson Mandela alisoma sheria ya London akiwa gerezani. Hapa kwetu Tom Mboya, akiwa kijana wa chama cha wafanyakazi, alisoma kwa posta na chuo cha Afrika Kusini kabla hajaenda Ruskin College, Oxford, mwaka wa 1955. Kwa hivyo ukicheka mtu anayesoma kwa mbali, jua unacheka watu wakubwa. Lakini hao walikuwa mmoja mmoja, kila mtu na bahasha yake. Hakukuwa na serikali nyuma yao.

Hadithi ninayoipenda inaanza baada ya 1963. Uhuru umekuja, kila mzazi anataka mtoto wake asome, shule zinafunguliwa kila kijiji, na walimu wenye mafunzo hawatoshi. Maelfu waliokuwa wanashika chaki hawakuwa wamehitimu. Wengine walimaliza shule ya msingi tu, wakarudi kufundisha shule ya msingi. Ungefanya nini? Ukiwatoa wote darasani uwapeleke chuo, shule zinafungwa. Ukiwaacha hapo, watoto wanafundishwa na mtu ambaye naye yuko hatua mbili tu mbele yao.

Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake 1964, ilipendekeza masomo ya posta na redio. Mwaka wa 1967 kitengo cha masomo ya posta kikaanzishwa Kikuyu, chini ya kile kilichokuwa bado chuo cha Nairobi ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Pesa na wataalamu walitoka Marekani, kupitia USAID na Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwalimu wa daraja la P3 alikuwa anasomea mtihani wa KJSE, akipita anapanda P2. Wa P2 alisomea mtihani wa kidato cha nne, akipita anapanda P1. Kupanda daraja kulimaanisha mshahara. Hiyo ndiyo ilikuwa petroli ya mpango mzima, tusidanganyane kwamba watu walikuwa wanasoma kwa mapenzi ya jiografia.

Namna ilivyofanya kazi ni hivi. Unapata kifurushi cha posta chenye vitabu na mwongozo wa masomo. Unasoma somo moja, unaandika kazi yake, unaitia kwenye bahasha, unaipeleka posta. Kikuyu kuna mtu anaisahihisha kwa kalamu, anaandika maoni, anakurudishia. Katikati ya hayo Sauti ya Kenya inarusha vipindi vya redio vya masomo hayo hayo, ili usikie sauti ya mtu na si karatasi pekee. Likizo ikifika unaitwa kwa masomo ya ana kwa ana, mnakutana na wenzako, mnakaa pamoja siku chache. Barua, redio, na watu. Vyuo vyetu leo vinaita mchanganyiko kama huo ubunifu wa karne ya ishirini na moja. Haya.

Kuna mzee mmoja kwetu Vihiga, mwalimu mstaafu, aliyepanda hadi P1 kwa njia hiyo. Nilimuuliza: "Mwalimu, ulikuwa unangoja kazi yako irudi siku ngapi?"

Akacheka. "Inategemea mvua, kijana wangu. Basi la barua likikwama, na wewe umekwama."

Lakini ikirudi, alisema, ilikuwa imejaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Mtu alikuwa ameisoma. Alikuwa hamjui huyo mtu kwa sura, na bado alimwogopa kuliko mkaguzi wa shule. Nilipomuuliza anakumbuka nini katika vipindi vya redio, alifikiria kidogo, akasema betri zilikuwa ghali.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo brosha za vyuo hazisemi. Tunaposimulia historia ya kusoma kwa mbali, tunaisimulia kama historia ya mashine. Mwanafunzi mwenyewe huikumbuka kama historia ya kungoja. Nani alisoma kazi yangu, na ilirudi lini?

Ukishika swali hilo, miaka inayofuata inasomeka vizuri zaidi. Mwaka wa 1974 serikali iliondoa karo kwa madarasa ya chini ya msingi na wanafunzi wakaongezeka karibu milioni moja kwa mwaka mmoja. Walimu wasiohitimu wakaajiriwa tena kwa wingi. Yaani lile tundu lililozibwa kwa barua likafunguka upya, kubwa kuliko mwanzo. Mwaka wa 1986 Kikuyu hapo hapo wakaanzisha digrii ya ualimu kwa masomo ya nje, ya kwanza ya aina yake nchini. Sasa haikuwa tena suala la P3 na P2. Mwalimu angeweza kupata digrii ya Chuo Kikuu cha Nairobi bila kuacha kazi. Vyuo vingine vikafuata kwa mtindo ambao wengi wetu tumeuona nyumbani: shule zikifungwa Aprili, Agosti na Disemba, mama au baba anafunga begi anaenda chuo, watoto wanabaki na nyanya.

Shangazi yangu alisoma hivyo. Likizo zote za utoto wa binamu zangu alikuwa hosteli akigawana chumba na walimu wengine watatu. Alilipa karo kwa mkopo wa sacco. Alifanya kila mtihani. Kisha alama za masomo mawili zikapotea. Chuo sitakitaja, na kwa kweli haina haja, kwa sababu nikisema "alama zilipotea" kila Mkenya aliyepita chuo kikuu anajua ninazungumzia nini. Alipanda matatu kwenda kuzitafuta mara nyingi hadi akaacha kuhesabu. Mhadhiri mmoja alikuwa amehama, mwingine alisema karatasi alizikabidhi ofisini, ofisi ikasema hazikufika. Alihitimu miaka miwili baada ya wenzake. Sasa niambie, tatizo hapo lilikuwa umbali? Alikuwa ndani ya darasa, ana kwa ana, na bado kazi yake haikurudi. Yule mzee wa Vihiga na mvua yake alihudumiwa vizuri zaidi.

Tuje kwa setilaiti. Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, AVU. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Mhadhiri alikuwa ng'ambo, picha yake inashuka kwa setilaiti hadi kwenye runinga darasani, na wewe mwanafunzi ukiwa na swali unalituma kwa simu, faksi au baruapepe. Hebu fikiria: picha inakuja kwa kasi ya mwanga, swali linarudi kwa faksi. Pesa yote ilikuwa kwenye kushuka. Kupanda kuliachiwa mtu na laini yake ya simu.

AVU ilibadilika baadaye, na hapa naisifu. Makao yake yalihamia Nairobi 2002, na kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ikakusanya vyuo vikuu 12 kutoka nchi 10, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, kuandika masomo ya walimu wa hisabati, sayansi na matumizi ya teknolojia darasani. Walioandika walikuwa walimu wa Kiafrika wenyewe. Zilitoka moduli 73, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na zikaachwa wazi mtu yeyote azichukue bure. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko setilaiti yote, na karibu hakuna mtu wa rika langu anayeijua. Tunajua tarehe ya kila simu mpya ilipotoka, basi.

Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009. Korona ilifunga shule Machi 2020. Hayo mnayajua, siyarudii.

Tarehe 3 Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, makao yake yakiwa Konza. Majirani zetu walitutangulia: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992. Sisi tulizungumza wee, miaka ikapita. Lakini kati ya digrii za kwanza za chuo hiki kuna moja iliyonifanya niandike haya yote: shahada ya elimu ya teknolojia, inayosomwa mtandaoni.

Kwa nini hiyo? Kwa sababu Januari 2023 gredi ya saba ilianza, sekondari ya chini ikazaliwa, na pamoja nayo somo ambalo watoto huliita Pre-Tech. Baada ya masomo kupunguzwa, kompyuta na biashara vikasukumwa humo ndani pia. Nenda shule yoyote ya kijijini uulize nani analifundisha. Utapata mwalimu aliyesomea historia na Kiswahili, amepewa kitabu Ijumaa, anaingia darasani Jumatatu. Hana makosa. Ni yule yule mwalimu wa 1964, hatua mbili mbele ya watoto, ila sasa anafundisha programu za kompyuta badala ya kuandika insha.

Na hapa kuna tofauti moja na zamani ambayo wachekaji hawaioni. Redio ya 1968 ilikufundisha jiografia, haikukufundisha redio. Barua haikukufundisha posta. Lakini mtu anayesomea kufundisha teknolojia mtandaoni, chombo kinachomfikia ndicho somo lenyewe. Akipambana na faili isiyofunguka, akijifunza kupanga folda, akikutana na wenzake kwa video huku mtandao unakatika, akitafuta njia ya kupakia video kwa bando la shilingi hamsini, hiyo yote ni mazoezi ya kazi. Mwanafunzi wake wa gredi ya nane atakwama pale pale. Mwalimu aliyekwama akajikwamua akiwa na miaka arobaini na tano atamwelewa huyo mtoto kuliko mimi, ambaye sikumbuki nilijifunza lini kutumia kipanya.

Siwezi kusema kila kitu kinafundishika kwa skrini. Kuchomea chuma, kukata mbao, kupima umeme, hizo zinataka karakana na mtu wa kukuambia ondoa kidole hapo. Kikuyu ya 1967 ilijua hilo kwa masomo rahisi kuliko haya, ndiyo maana iliita watu likizo. Digrii ya mtandaoni isiyomkutanisha mwalimu na vifaa hata wiki moja kwa muhula itatoa watu wanaojua teknolojia kwa maneno.

Kuna pia suala la mshahara. Walimu wa posta walisoma wakijua P1 inawangoja. Tangu mkataba wa 2017 kati ya vyama vya walimu na mwajiri wao, TSC, digrii pekee haikupandishi; kuna miongozo mipya ya kupanda vyeo, na foleni ndefu. Mwalimu anayelipa karo leo analipia kitu ambacho huenda kisimrudishie pesa kwa miaka. Wanaojisajili hata hivyo, kwangu ni watu wa kuheshimiwa, na pia ni watu wa kuhurumiwa kidogo.

Shangazi anataka kujiunga, kwa taarifa yenu. Ana miaka minne kabla ya hamsini. Ameniuliza anunue laptopu ya aina gani. Nikamwambia laptopu itapatikana, kwanza apige simu ofisi ya usajili aulize maswali matatu: kazi yangu itasahihishwa na nani, itarudi baada ya siku ngapi, na alama zikipotea nampigia nani kwa jina. Wakimwambia "mfumo utakujulisha," angoje muhula unaofuata, apige tena.